Dawa ya mimea dhidi ya konokono wa kichocho: kuandaa, kupima na kumwaga

Gramu 1 ya unga ndani ya mita 1 ya ujazo ya maji ni sawa na miligramu 1 kwa lita. Ishike hesabu hiyo kabla hujachuma tunda hata moja, kwa sababu kazi hii huharibika kwenye vipimo mara nyingi kuliko kwenye mmea. Watu husaga, huloweka, humwaga kwa kukisia, na baada ya mwezi mmoja bwawa limejaa konokono vilevile. Dozi ikipungua, konokono hujirudisha ndani ya ganda na kusubiri ipite. Ikizidi, unaua kila kilichomo.

Na dawa hii ni sumu, hata kama imetoka porini. Saponini, kemikali inayofanya kazi katika mimea mingi ya aina hii, huvuruga utando wa seli. Mwili laini wa konokono hauihimili, na matamvua ya samaki hayaihimili pia. Kwa hiyo usiiweke kwenye bwawa la samaki, kwenye maji ya kunywa, wala kwenye kijito kinachopeleka maji huko. Ziwa nalo liache, dawa itatawanyika kabla haijafanya kazi. Panapofaa ni kwenye mabwawa madogo na madimbwi yasiyo na samaki, mitaro ya umwagiliaji inayoweza kufungwa, na vidimbwi vinavyobaki mtoni wakati wa kiangazi. Maji ya wote yanahitaji kibali cha mamlaka ya maji au mazingira. Kipate kwa maandishi, na watu wa afya wajulishwe mapema ili matibabu kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, yaende sambamba. Ukiua konokono huku wagonjwa wakiendelea kujisaidia kando ya maji, konokono wa kwanza kurudi ataambukizwa.

Wajue unaowawinda

Kichocho cha mkojo (Schistosoma haematobium) hupitia kwa konokono wa jenasi Bulinus. Kichocho cha tumbo (S. mansoni) hupitia kwa Biomphalaria. Lymnaea hubeba minyoo ya ini ya ng'ombe na kondoo. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Biomphalaria ni bapa, ganda limejiviringisha bila ncha iliyochomoza. Hao wengine wawili wana ncha: shika ganda ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa kushoto ni Bulinus, ukiwa kulia yaelekea ni Lymnaea. Wote watatu hawana kifuniko mdomoni. Konokono wa majini wa Afrika mwenye kifuniko kigumu, kwa mfano Melanoides, Lanistes au Pila, habebi kichocho cha binadamu, na bwawa lenye hao peke yao halina haja ya dawa. Asia ni tofauti: Oncomelania, anayebeba S. japonicum, ana kifuniko na hupanda juu ya matope ya kingo, hivyo kingo nazo lazima zinyunyiziwe.

Wavue kwa chujio la waya lenye matundu ya milimita 1 hadi 2, lililofungwa kwenye mpini wa mita moja na nusu. Vaa buti za mpira na glavu ndefu kila unapogusa maji. Serkaria, yaani viluwiluwi vya kichocho vinavyotoka kwa konokono, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na vya kichocho cha binadamu barani Afrika hutoka kwa wingi jua likiwa juu, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kwenda mapema kunasaidia, lakini hakuchukui nafasi ya buti.

Mmea wa kutumia

Unaojulikana kuliko yote ni endodi, Phytolacca dodecandra, mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti katika nyanda za juu za Afrika. Waethiopia wameutumia kama sabuni tangu zamani. Mwaka 1964, huko Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, mwanasayansi Aklilu Lemma aliona konokono waliokufa wengi zaidi chini ya mahali watu walipokuwa wakifua kwa matunda yake kuliko juu ya hapo, na utafiti mzima ukaanzia hapo. Baadaye ilichaguliwa aina yenye nguvu inayoitwa Aina 44, ambayo unga wake hutumika kwa miligramu 10 hivi kwa lita kwa saa 24. Endodi ya porini haina uhakika huo. Kichaka kimoja kinaweza kuwa na nguvu mara kadhaa kuliko jirani yake, kwa hiyo kila shehena ipimwe upya. Kumbuka pia kwamba mmea huu una dume na jike. Ukipanda mbegu utapata madume mengi yasiyozaa, ukipanda vipandikizi vya jike mzuri utajua unachokipata.

Maganda ya Swartzia madagascariensis, mti wa misitu ya miombo, nayo yana saponini na yalijaribiwa kwenye madimbwi ya Ifakara, Tanzania, miaka ya 1980. Tunda la mti wa jangwani Balanites aegyptiaca lina saponini pia, na hali kadhalika maji ya majani ya mkonge, ingawa ya mkonge huhitajika kwa wingi na huwasha ngozi vibaya. Mwarobaini hupendwa kwa sababu unapatikana kirahisi, lakini kwa konokono hauwezi kulingana na endodi.

Mingine iachwe. Utupa (Tephrosia vogelii) ni sumu ya kuvulia samaki, na rotenoni yake itaangamiza samaki wakati konokono bado wanatambaa. Mbegu za mbono (Jatropha curcas) zina esta za forboli, ambazo ni sumu kwa anayezishika na huchochea ukuaji wa uvimbe wa saratani. Utomvu wa Euphorbia milii unaua konokono kwa dozi ndogo ajabu, ila tone moja likiingia jichoni ni safari ya hospitali.

Ukitaka kujua kama mmea wowote unastahili jasho lako, kipimo cha kawaida ni hiki: unga wake uue konokono 90 kati ya 100 ndani ya saa 24 kwa dozi isiyozidi miligramu 100 kwa lita. Ukihitaji zaidi ya hapo, bwawa dogo tu litakumaliza magunia.

Kuvuna, kukausha, kusaga, kuloweka

Endodi ichumwe ikiwa imefikia ukubwa wake kamili lakini bado ya kijani. Ikianza kuwa na rangi ya waridi, nguvu imeshaanza kushuka. Ondoa vikonyo, tandaza tabaka moja juu ya turubai na uanike hadi tunda livunjike likibanwa kwa vidole. Likibonyea tu, bado, na ukilihifadhi hivyo litaota ukungu. Tunda kavu lisilosagwa huhifadhika muda mrefu kwenye gunia lililo mahali pakavu, kwa hiyo saga unachokitaka kwa kazi ya wiki hiyo tu.

Kusaga ni hatua inayodharauliwa, na ndiyo yenye siri ya endodi. Saponini iliyomo kwenye tunda zima haiui konokono. Ina minyororo miwili ya sukari. Kimeng'enya kilichomo tundani hukata mnyororo mmoja tunda linapopondwa na kukutana na maji, na hapo ndipo sumu inapozaliwa. Mambo matatu yanafuata kutokana na hilo. Mbegu nazo lazima zipondwe, si nyama ya tunda peke yake. Maji yasipashwe moto, kwani ukichemsha unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, ukabaki na supu isiyomtisha konokono yeyote. Na usitumie spiriti badala ya maji, kwa sababu hiyo hiyo. Anayetoka kwenye dawa za mitishamba zinazochemshwa hunaswa hapa kirahisi.

Saga hadi unga upite kwenye chekeche la matundu madogo. Fanya hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa na miwani ya kufunika macho. Vumbi la saponini hukufanya upige chafya mfululizo na macho yawe mekundu kutwa nzima. Kinu hicho kisirudi jikoni.

Loweka kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji ya kawaida, usiku kucha, ukikoroga mara mbili tatu. Asubuhi chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kisha mimina lita 3 hivi za maji juu ya makapi, koroga, chuja tena na uchanganye na ya kwanza. Itumie siku hiyo hiyo. Maji ya saponini huanza kuoza na kupoteza nguvu baada ya siku moja au mbili, zaidi penye joto.

Jaribio la ndoo

Hili halirukwi. Chota maji ya bwawa lenyewe, yachuje, yaache siku mbili ili serkaria zilizomo zife, kisha yatumie. Yana tope na uchafu ule ule utakaokutana nao siku ya kazi. Weka konokono kwenye ndoo siku moja kabla, watupe walio dhaifu, ubaki na wakubwa wanaolingana.

Loweka gramu 10 za unga katika lita 1 kwa njia ile ile utakayotumia bwawani, uchuje. Mililita 1 ya maji hayo inabeba nguvu ya miligramu 10 za unga. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, na vyombo vyenye lita 1 ya maji kila kimoja: tia nusu mililita upate dozi ya 5 (miligramu kwa lita), mililita 1 upate 10, mililita 2 upate 20, 4 upate 40, 8 upate 80. Kila dozi iwe na vyombo vitatu, kila chombo konokono 10, na vyombo vingine vitatu visiwe na dawa kabisa. Funika kwa wavu unaozama kidogo chini ya uso wa maji. Bila wavu konokono watapanda ukutani wakae nje ya dawa, nawe utaandika kwamba dawa ni dhaifu.

Baada ya saa 24 watoe, waoshe, waweke kwenye maji safi kwa saa 24 nyingine, ndipo uhesabu. Usifupishe hapa. Konokono aliyejikunja ndani ya ganda bila kutikisika anaweza kuwa amelewa tu, na kesho yake yuko ukutani. Mguse mguu kwa ncha ya sindano: aliye hai hata kidogo hujivuta. Aliyekufa ama amening'inia nje ya ganda akiwa amelegea, ama ndani pamegeuka rangi na kutoa harufu ya kuoza. Wakifa zaidi ya 3 kati ya 30 kwenye vyombo visivyo na dawa, jaribio zima ni batili. Konokono wako walikuwa wagonjwa au maji ni mabaya.

Dozi ndogo kabisa iliyowaua wote 30 ndiyo msingi wako. Bwawani anza na mara mbili yake, kwa sababu tope, majani na mchanganyiko usiokamilika hula sehemu ya dawa. Tuseme 10 imewaua wote, basi bwawani ni 20. Kama unapanga kutibu maji kwa saa 8 badala ya 24, jaribio nalo lifanywe kwa saa 8.

Kupima maji

Bwawa: urefu mara upana mara kina cha wastani. Kina kipimwe kwa mti wenye alama, sehemu tano kwenye kila mstari, mistari mitatu kukatiza bwawa, uchukue wastani wa namba zote 15. Kosa lililozoeleka ni kupima katikati tu. Bwawa la mita 20 kwa 12 lenye kina cha wastani cha mita 0.6 lina mita za ujazo 144, na kwa dozi ya 20 linataka gramu 2,880 za unga. Ukichukua kina cha katikati, mita 1.2, utaweka karibu kilo 6, yaani mara mbili.

Maji yanayotembea ni habari nyingine. Pima mita 10 za mtaro ulionyooka, dondosha kipande cha kijiti, hesabu sekunde. Kikitumia sekunde 25, kasi ya juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8 kwa kuwa maji ya chini huenda polepole: 0.32. Mtaro wa upana wa mita 0.8 na kina cha 0.3 unapitisha basi lita 77 hivi kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 276 kwa saa. Kwa dozi ya 20 kwa saa 8, hiyo ni kilo 44 za unga, kwa mtaro ambao mtoto anauruka! Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mtaro ni kufunga lango, maji yatulie, kisha kuutibu kama bwawa refu.

Kijito kidogo cha lita 5 kwa sekunde bado kinawezekana: gramu 2,880 kwa saa 8, ndani ya pipa la lita 200 lenye koki inayotoa mililita 417 hivi kwa dakika. Tatizo ni kwamba pipa likipungua, msukumo hupungua na dawa hutiririka polepole. Ziba pipa lisipitishe hewa juu, kisha pitisha bomba jembamba kutoka nje hadi karibu na kimo cha koki, juu yake kidogo. Hewa itaingia kwa bomba hilo tu, na mtiririko utabaki sawa hadi kiwango kinapofika ncha ya bomba. Hesabu upya kwa kikombe na saa kila nusu saa hata hivyo, kwani mabaki ya unga hupenda kuziba koki.

Siku ya kumwaga

Siku moja au mbili kabla, kata majani ya pembezoni na uyatoe nje, mbali na maji. Mayai ya konokono yamegandana chini ya majani hayo ndani ya ute unaong'aa, na kuyatoa ni sehemu ya kazi, kwa kuwa dawa hizi haziwezi mayai. Chagua siku ambayo mvua haitarajiwi. Ziba njia za maji kuingia na kutoka. Weka vizimba vinne vya wavu, kila kimoja na konokono 10: kimoja karibu na utakapoanzia, kimoja ncha ya mbali, kimoja ndani kabisa ya magugu yaliyobaki, na cha nne kwenye ndoo ya maji yasiyotiwa dawa.

Kwa bwawa letu la mfano, dawa iliyochujwa ya kilo 2.88 iongezewe maji hadi ifike lita 48, ambazo ni bomba nne za kubeba mgongoni za lita 12 kila moja. Gawa bwawa robo nne kwa vigingi, kila robo bomba moja. Tumia bomba lenye uwezo wa lita 15 ili ibaki nafasi juu, na jaza taratibu, sababu saponini ni sabuni na povu litamwagika mgongoni mwako. Nusu ya kila bomba iende ukingoni hadi mita mbili ndani, ukielekeza chini ya majani na kwenye nyayo za mifugo zilizojaa maji. Nusu ya pili iende katikati. Maji ni shwari? Koroga kwa mti mrefu au vuta tawi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Weka mtu wa kulinda kwa saa 48. Watu wasioge, wasifue, wasichote, mifugo isinyweshwe. Kama kulikuwa na samaki ambao hukuwajua, wataelea, na kuna atakayetaka kuwaokota ale. Waokote wewe uwazike.

Kusoma matokeo

Toa vizimba baada ya saa 24, waweke konokono kwenye maji safi, wahesabu kesho yake. Wa karibu wamekufa na wa mbali wako hai? Mchanganyiko haukuenea. Wa ndani ya magugu ndio waliosalia? Hukukata vya kutosha. Wote wazima kila mahali? Rudi kwenye kina ulichopima, au uliza aliyeandaa kama alichemsha. Zaidi ya vizimba, vua kwa chujio dakika 15 mahali pale pale, saa ile ile, kabla ya dawa, siku ya tatu na kisha kila wiki.

Mayai yaliyobaki yataanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, na watoto hao wakiwa na joto na chakula huanza kutaga wakiwa na wiki nne hadi sita. Duru ya pili iangukie wiki ya tatu: mayai yameshaanguliwa, hakuna aliyetaga. Ukingoja mwezi wa pili umeanza upya. Bulinus na Biomphalaria wana jinsia zote mbili na mmoja anaweza kujitungisha mwenyewe, kwa hiyo waliobaki watano si ushindi mkubwa kama unavyoonekana kwenye daftari.

Msimu mzuri ni kiangazi, maji yakiwa machache lakini kabla bwawa halijakauka. Bulinus huweza kujizika kwenye tope linalokauka na kuishi miezi kadhaa, ambako dawa haimfikii, hivyo panga duru nyingine wiki chache baada ya mvua za kwanza, wakishatoka.

Makapi na dawa iliyobaki vimwagwe kwenye shimo lililo angalau mita 30 kutoka kwenye maji, yafukiwe. Bomba, ndoo na vitambaa vioshwe hapo shimoni, visioshwe kijitoni: sabuni hiyo inayotoka kwenye ndoo moja inatosha kuua samaki wa kidimbwi kizima upande wa chini.